SHULE YA MAFUNDI SAA: KWANZA TUPA, SAA BAADAYE

Bila shaka umewahi kumwona fundi saa sokoni. Amebana kioo cha kukuza jichoni, ameinamia kitu kidogo ambacho sisi hatukioni vizuri. Je, ufundi huo unafundishwaje? Leo tutaeleza habari za shule za mafundi saa katika nchi ya Uswisi, huko Ulaya. Nchi hiyo inajulikana dunia nzima kwa saa zake.

WALIANZA WAKULIMA

Uswisi ni nchi ya milima. Upande wa magharibi, mpakani na Ufaransa, ipo milima iitwayo Jura. Huko theluji hufunika mashamba kwa miezi mingi. Zamani, wakati wa theluji, mkulima hakuwa na kazi shambani. Basi alikaa dirishani penye mwanga akatengeneza vipande vya saa. Huyu alitengeneza magurudumu, yule skrubu, mwingine mishale. Watoto walijifunza kwa wazazi wao.

Baadaye zilifunguliwa shule. Mji wa Geneva ulifungua yake mwaka 1824. Mji wa La Chaux-de-Fonds ulifuata mwaka 1865, na Le Locle mwaka 1868. Siku hizi vijana huanza wakiwa na umri wa miaka 15 au 16, wavulana kwa wasichana. Anayetaka kuwa fundi kamili husoma miaka 4. Wengine hujifunza shuleni wiki nzima. Wengine hufanya kazi kiwandani na kwenda shule siku chache tu kila wiki.

KAZI YA KWANZA

Mwanafunzi mpya hudhani atapewa saa siku ya kwanza. Wapi! Anapewa kipande cha chuma na tupa.

Anavaa koti jeupe na kukaa mbele ya meza ya kazi. Meza hiyo imeinuka mpaka kifuani, ili kazi iwe karibu na macho na mgongo usiumie. Anabana chuma kwenye jiliwa, anapiga tupa mpaka kila upande unyooke. Kisha mwalimu anapima. Kipimo chao ni kidogo mno. Chukua milimita moja uigawe mara mia: kipande kimoja cha hapo ndicho wanachohesabu. Unywele wa mtu una unene wa vipande kama 7 vya namna hiyo.

Chuma kikiwa bado kinene, mwanafunzi anaendelea kupiga tupa. Kikipungua kupita kiasi, anakiweka kando na kuanza kingine. Chuma kilicholiwa na tupa hakirudi.

Pia ananoa bisibisi zake mwenyewe. Bisibisi isiyokaa sawasawa huteleza, ikachubua kichwa cha skrubu na kukwaruza saa ya mtu.

RANGI ZA CHUMA

Baadaye anajifunza kutengeneza vipande vya chuma cha pua. Somo hili mhunzi wa kijijini angelielewa upesi.

Chuma kinachomwa mpaka kiwe chekundu, kisha kinazamishwa katika mafuta. Hapo kinakuwa kigumu sana, lakini kinavunjika kama kioo. Kwa hiyo mwanafunzi anakisugua king'ae, halafu anakipasha moto polepole huku akitazama rangi. Kwanza kinakuwa cha manjano kama nyasi kavu. Halafu kahawia, halafu zambarau, halafu buluu. Rangi ya buluu inakuja joto likifika karibu digrii 300. Hapo chuma ni kigumu, lakini hakivunjiki ovyo. Ni lazima akiondoe motoni mara moja. Akichelewa, buluu inapotea na chuma kinazidi kulainika.

NDANI YA SAA

Sasa ndipo anapewa saa, tena kubwa, ya mfukoni. Anaifungua, anaifunga, anaifungua tena.

Ukitia saa ufunguo, unakaza kamani, yaani springi inayoiendesha. Kamani inasukuma magurudumu. Magurudumu yangekimbia yote mara moja kama yasingezuiliwa. Kinachoyazuia ni gurudumu dogo linalokwenda huku na huku, nalo huyaruhusu kupita jino baada ya jino. Ndiyo ile "ti-ti-ti" unayoisikia. Katika saa nyingi za leo gurudumu hilo hupiga mara 8 kwa sekunde. Kwa siku nzima ni mara 691,200.

Gurudumu hilo linashikwa na springi nyembamba kama unywele, iliyojizungusha kama ganda la konokono. Kuinyoosha springi hiyo ikipinda ni somo gumu. Wanafunzi huharibu nyingi kabla mkono haujazoea. Mafuta nayo yana kipimo: yakizidi yanatapakaa, yakipungua chuma kinalika. Na kipande kikiruka kutoka kwenye kibanio, basi ni kupiga magoti na kutafuta sakafuni.

Siku moja ina sekunde 86,400. Saa inayochelewa sekunde 10 kwa siku imekosea sekunde 1 tu katika kila 8,640. Hata hivyo fundi anayetaka saa bora hatosheki. Anaipima imelala, imesimama, imegeuzwa, maana saa haiendi sawa katika kila mkao.

Mwishoni, katika shule nyingi, mwanafunzi hutengeneza saa yake mwenyewe.

UFUNDI ULIPOTAKA KUFA

Mwezi Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani iliuza saa ya mkononi ya betri. Ndani yake kuna kipande cha jiwe kinachotikisika kwa umeme. Katika saa za betri tunazovaa leo hutikisika mara 32,768 kwa sekunde. Saa hizo husema kweli kuliko za kamani, na punde zikawa rahisi.

Uswisi ilipata pigo. Mwaka 1970 watu kama 90,000 walikuwa katika kazi ya saa. Katikati ya miaka ya 1980 ilibaki kama theluthi moja tu. Vijana walikimbilia kazi nyingine.

Lakini saa za kamani hazikufa. Watu walizitaka tena kama pambo na urithi, na sasa mafundi wakawa hawatoshi. Mwaka 2001 kampuni ya Rolex ilifungua shule ya mafundi saa huko Lititz, Marekani. Mwaka 2020 UNESCO iliuweka ufundi huu wa Uswisi na Ufaransa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Kwa nini ufundi huu haukupotea? Kwa sababu walibaki watu waliofundishwa tangu tupa. Anayejua kubadilisha kipande tu hukwama kiwanda kikiacha kukitengeneza. Anayejua kukitengeneza huendelea na kazi.

Basi mzazi, ukimpeleka mwanao kwa seremala, mhunzi au fundi baiskeli, naye akapewa kunoa na kupima mwezi mzima, usiseme anapotezewa wakati. Nenda ukamwulize fundi anamfundisha nini, na ukague kazi ya mkono wa mwanao.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini mwanafunzi hapewi saa siku ya kwanza?
2. Chuma hubadilika vipi kinapopashwa moto?
3. Kijijini kwetu kuna ufundi gani unaotaka kupotea? Nani bado anaujua, na nani anajifunza kwake?