Wikendi Mombasa kwa Elfu Nane: Panga Pesa Kabla ya Kupanga Begi

Wikendi ndefu ikikaribia, swali ni lile lile: "Nikiwa na elfu nane, naweza kwenda Mombasa na nirudi?" Ndiyo, unaweza. Lakini usiruke hayo maneno mawili ya mwisho. Kufika Mombasa si kazi. Kazi ni kurudi Nairobi Jumapili bila kuomba mtu nauli, na bila kuanza Jumatatu ukidaiwa na simu yako mwenyewe.

Pesa za safari huwa haziishi kwa kitu kimoja kikubwa. Zinaisha kidogo kidogo: ada ya kutoa hapa, tuktuk ambayo hukuuliza bei pale, chumba ulicholipia kabla ya kukiona. Kwa hivyo tuzipange mapema.

Anza na nauli ya kurudi

Kata tiketi ya kurudi siku ile ile unayokata ya kwenda. Nauli ya treni ya Madaraka Express, daraja la kawaida, ilipanda Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa safari nzima ya Nairobi hadi Mombasa. Kwenda na kurudi ni 3,000. Angalia nauli ya siku unayosafiri kabla ya kulipa.

Tiketi za wikendi ya sikukuu huisha mapema. Ukikosa ya Jumapili itabidi utafute basi, na nauli za basi hupanda watu wakiwa wengi. Hapo ndipo wengi hujikuta wanakopa. Nunua tiketi kwa njia rasmi za Shirika la Reli la Kenya pekee. Mtu akikutumia linki kwa WhatsApp akisema ana tiketi za bei poa, achana naye.

Jambo lingine: stesheni ya Mombasa iko Miritini, nje ya kisiwa. Utahitaji matatu au tuktuk kufika mjini. Matatu ni rahisi zaidi. Ukichukua tuktuk, elewana bei kabla hujaingia.

Gawa elfu nane kabla hujaondoka

Huu ni mfano wa mtu mmoja anayelala siku mbili. Bei za chumba na chakula zitategemea unakoenda na msimu.

- Treni, kwenda na kurudi: 3,000
- Chumba cha kawaida, siku mbili: 2,400
- Chakula: 1,200
- Matatu na tuktuk: 600
- Viingilio: 300
- Dharura: 500

Hizo 500 za dharura si za soda. Ziweke kwenye akaunti ya akiba ya simu, mbali na salio lako la kawaida, ili usizile bila kujua. Mkiwa wawili mnaoshiriki chumba, kila mmoja anaokoa 1,200 hapo hapo.

Kama tarehe si lazima, kwepa Krismasi, Pasaka na likizo ya Agosti. Aprili na Mei ni msimu wa masika. Mvua ipo, lakini vyumba huwa rahisi na unaweza kuomba bei ipunguzwe.

Ada ndogo zinazokula wikendi yako

Ada ya kutoa pesa kwa ajenti huenda kwa ngazi. Ndani ya ngazi moja, unalipa ada ile ile hata kama kiasi ni tofauti. Tuseme ada ni shilingi 29 kwa kiasi chochote hadi 2,500. Ukitoa 300 mara tano, umelipa ada ya 145. Ukitoa 1,500 mara moja, umelipa 29. Tofauti ni 116, na hiyo ni staftahi ya kushiba. Kwa hivyo kadiria pesa taslimu utakayohitaji kwa matatu na vitafunio, kisha itoe mara moja.

Kulipa pia kuna tofauti:

- Ukilipa kwa nambari ya Till, kwa kawaida mteja hakatwi ada. Ada ni ya mwenye duka.
- Ukilipa kwa Paybill, inategemea mpango ambao biashara imechagua. Wakati mwingine unakatwa wewe.
- Ukituma kwa nambari ya simu ya muuzaji, unalipa ada ya kutuma kama unavyomtumia mtu yeyote.

Kabla ya kulipa, uliza tu: "Mna Till?" Kisha soma jina linalotokea kabla ya kuweka nambari yako ya siri.

Mkiwa kikundi, msitumiane mia mbili mia mbili kila mkila. Chagueni mhazini mmoja, kila mtu amtumie mchango wake mara moja kabla ya safari, naye alipe kwa Till. Risiti zote zitakuwa kwenye simu moja, na ugomvi wa "nani hajalipa" unaisha.

Na mkopo wa ghafla, ule unaoongezea salio likipungua? Ni msaada wakati wa shida, lakini una gharama, na kila siku unayochelewa kulipa inaweza kuongeza deni. Ukiutumia kununulia samaki wa kupaka Jumamosi, samaki huyo atakuwa ghali mno kufikia siku ya mshahara.

Usilipe chumba ambacho hujakiona

Hapa ndipo elfu kadhaa hupotea kwa dakika moja. Picha ni safi, bei ni ya chini, na mwenye nyumba anakuharakisha: "Kuna mwingine anaitaka, tuma deposit sasa." Tulia. Mpigie kwa video akuonyeshe chumba na lango la nje. Tafuta mahali hapo kwenye ramani. Angalia kama jina linalotokea unapolipa linafanana na jina alilokupa. Ikilazimu kulipa kitu kabla, lipa sehemu ndogo na umalizie ukifika. Akikataa yote hayo, tafuta pengine.

Ukishatuma pesa na mpokeaji akazitoa, kuzirudisha ni vigumu sana. Ukishuku kitu, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, usingoje kesho.

Raha isiyo na bei, au yenye bei ndogo

Sasa tule raha. Mama Ngina Waterfront, iliyokarabatiwa mwaka 2019, ni mahali pa kupunga upepo jioni ukitazama meli zikiingia bandarini. Nunua muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, uongeze dafu. Karibu na hapo kuna kivuko cha Likoni, ambako abiria wa miguu havuki kwa malipo. Ni safari fupi ya majini bila kulipa hata shilingi.

Asubuhi, tembea Mji wa Kale kwa miguu: vichochoro vyembamba, milango ya kuchonga, roshani za mbao, harufu ya mahamri na mbaazi za nazi. Fort Jesus iko hapo hapo. Ngome hii ilijengwa na Wareno kuanzia 1593, na tangu 2011 imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Beba kitambulisho, kwa sababu kiingilio cha Wakenya ni cha chini kuliko cha wageni kutoka nje.

Ukitaka leso ya kumpelekea mama, ingia Biashara Street na usione haya kupatana bei. Ukitaka kuogelea, panda matatu hadi Jomo Kenyatta Public Beach, wengi wanapaita Pirates. Ufuo ni wa umma. Kupanda ngamia au kukodi boya ni hiari, kwa hivyo uliza bei kwanza.

Jumamosi usiku, dakika mbili tu

Kabla ya kulala, fungua ujumbe wako wa malipo na ujumlishe ulichotumia. Ukiona umezidi, bado una Jumapili nzima ya kurekebisha: kivuko na Mji wa Kale badala ya boti ya kukodi. Ukingoja hadi ufike Miritini, hakuna tena cha kurekebisha.

Ada zote za huduma zetu ziko kwenye menyu ya simu yako. Ukikwama, piga huduma kwa wateja. Na kumbuka, hatutawahi kukuomba nambari yako ya siri, hata uwe Mombasa au nyumbani. Safari njema.