Majipu ya Kwapani: Haya Isizuie Tiba

Wapo dada zetu waotao majipu makwapani na kinenani mara kwa mara. Huvimba, hupasuka, hutoa usaha, kisha hurudi palepale na kuacha makovu. Wengi huyaficha, kwa kuwa mahali penyewe ni pa sitara, na kwa kuchelea kuambiwa kuwa hawajitaharishi.

Tuseme wazi: maradhi haya si uchafu, wala hayaambukizi. Madaktari huyaita hidradenitisi sapurativa. Tundu la unywele huziba, likavimba na kupasuka ndani ya ngozi. Hapo dada yetu hukwama: kuondoa nywele za kwapa na za kinena ni sunna, na zisiachwe kupita siku 40, ilhali wembe humzidishia maumivu.

Miongoni mwa tiba zake ni mwanga wa leza, unaopenya hadi shina la unywele na kuliunguza. Mwaka 2009 madaktari wa hospitali ya Henry Ford, mjini Detroit, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 22 waliotibiwa hivyo upande mmoja wa mwili, mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu. Upande huo ulipata nafuu zaidi kuliko ule uliopakwa dawa peke yake.

Kwa ngozi nyeusi, leza iitwayo Nd:YAG ndiyo yenye salama zaidi. Nyinginezo zaweza kuunguza na kuacha mabaka. Basi aendewe daktari wa ngozi, si saluni. Leza haifuti makovu, na njia za usaha zilizokwisha kuchimbika huenda zikahitaji upasuaji.

Je, huku ni kubadili maumbile? La. Nywele hizi tumehimizwa kuziondoa, na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Atafutwe daktari mwanamke. Akikosekana, dharura hukadiriwa kwa kiasi chake: kifunuliwe kinachohitajika tu, naye asiwe peke yake na tabibu.

Wala asiache swala. Katika madhehebu yetu ya Shafii, usaha wa jipu hauvunji udhu, na ule utokao wenyewe husamehewa nguoni na mwilini.

Enyi akina mama, waulizeni binti zenu kwa upole. Enyi waume, msiwakimbie wake zenu kwa maradhi wasiyojitakia. Wapelekeni kwa tabibu. Allah awape shifaa. Amin.