Kufuli la Hewani: Ruta ya Ofisi

 

Somo letu la leo linahusu kifaa ambacho siku hizi hukaa katika ofisi nyingi za Bukoba na Muleba: ofisi za serikali, shule, zahanati na vyama vya ushirika vya kahawa. Kifaa hicho huitwa ruta. Kazi yake ni kupokea intaneti na kuirusha hewani kwa mawimbi, ili kompyuta na simu ziipate bila ya waya. Mawimbi hayo ni ndugu wa mawimbi ya redio yanayowaletea sauti hii.

Pengine mtauliza: "Sisi ni wakulima. Ruta inatuhusu nini?" Inawahusu sana. Mkipeleka kahawa katika chama chenu cha msingi, karani huandika jina, kilo na namba ya akaunti ya benki. Zamani hayo yote yaliandikwa katika daftari, na daftari likafungiwa kabatini. Siku hizi mengi yamo katika kompyuta. Mlango wa ofisi hufungwa kwa kufuli, lakini mawimbi hupita ukutani. Mtu aliyeketi nje kwenye kivuli cha migomba, akilijua neno la siri, amekwisha kuingia katika mtandao wa ofisi bila ya kugusa mlango.

Basi, kamati ya chama inapotaka kununua ruta, wanachama waulize mambo manne.

Kwanza, je, kufuli lake ni imara? Mawimbi hufungwa kwa kuyageuza maneno yawe fumbo, asiweze mtu mwingine kuyasoma. Somo lenu la kusoma litawafaa hapa: someni maandishi ya kwenye boksi. WEP ni kufuli la zamani; mwaka 2001 wataalamu walionyesha kuwa huvunjika. Baadaye likaja WPA2 mwaka 2004, kisha WPA3 mwaka 2018. Kifaa kipya kiwe na WPA3. Tena, badilisheni maneno ya siri yote mawili: la kuingilia mtandaoni, na la kuongozea ruta yenyewe. Maneno ya kiwandani mara nyingi hubandikwa chini ya kifaa, kila mtu ayaone.

Pili, je, ruta inaweza kuwatenga wageni? Ruta nzuri hutoa njia mbili, moja ya makarani na nyingine ya wageni. Mgeni apate intaneti, lakini asiifikie kompyuta yenye hesabu. Ndivyo tufanyavyo nyumbani: mgeni hukaribishwa sebuleni, hapelekwi ghalani.

Tatu, je, itadumu kazini? Umeme hukatika. Ruta hutumia umeme kidogo, kwa hiyo betri ya akiba yaweza kuiendesha kwa saa kadhaa. Ng'ambo hii ya ziwa ina radi nyingi. Antena ikiwekwa juu ya bati, ni lazima fundi aiunganishe na waya wa ardhini. Kuta nene na mabati huzuia mawimbi. Ruta yenye mikondo miwili inafaa zaidi: mkondo wa gigahezi 2.4 hufika mbali, na wa gigahezi 5 huenda kasi lakini hupungua upesi ukutani. Iwekwe mahali pa juu, katikati ya ofisi, si dirishani.

Nne, je, itatunzwa na nani? Watengenezaji hutoa programu za kuziba matundu yanayogunduliwa. Wakiacha kuzitoa, matundu yatakayoonekana baadaye hayazibwi. Muulizeni muuzaji: zitatolewa kwa miaka mingapi? Ulizeni pia kama kifaa kimethibitishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kisha mteueni mtu mmoja wa kuiangalia. Karani akihama, neno la siri libadilishwe siku ile ile.

Ruta ya bei ndogo huvutia, lakini hasara ikitokea ni ya mwenye kahawa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaitaka ofisi inayoweka habari za watu izilinde. Kwa hiyo mwanachama anayeuliza katika mkutano hamtukani karani wala mwenyekiti. Anauliza habari za mali yake.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini kufuli la mlangoni halitoshi?
2. Ruta ina maneno ya siri mangapi, na kila moja ni la kazi gani?
3. Chama chenu kikinunua ruta, mtauliza nini kwanza?

KAZI YA NYUMBANI

Andikeni sentensi tatu za kumwomba mwenyekiti wa chama awaeleze wanachama jinsi habari zao zinavyolindwa. Zisomeni darasani.

Kwaherini, mpaka kipindi kijacho.