Pesa ya Ufundi Nayo Ina Mizani Yake



Jumapili ya leo tutafakari jambo ambalo ni nadra kuhubiriwa madhabahuni, ingawa linagombanisha watu kila wiki kuanzia Darajani hadi Nungwi. Nalo ni pesa ya ufundi.

Tuseme kijana wa bodaboda amepeleka pikipiki kwa wakala aliyemuuzia. Klachi inateleza. Anarudishiwa ikiwa nzima, pamoja na karatasi yenye mistari miwili: pleti za klachi shilingi 25,000, ufundi shilingi 30,000. Anashtuka. Spea ameiona na kuishika, lakini ufundi haushikiki. Na fundi mwenyewe alimaliza kwa dakika 40! Je, si dhuluma hiyo?

Tusiharakishe kuhukumu. Mawakala wengi hawatozi kwa saa ya ukutani. Mtengenezaji wa pikipiki hutoa jedwali linaloonyesha kila kazi inastahili muda gani, na wakala huzidisha muda huo kwa bei yake ya saa. Ndani ya pesa hiyo mna kodi ya gereji, umeme, vifaa na mishahara. Kwa wakala mwaminifu mna pia ahadi kwamba klachi ikiteleza tena keshokutwa, ataifungua bila malipo. Tena dakika 40 za fundi hodari zimebeba miaka aliyokaa akijifunza kazi, mikono imejaa grisi.

Kwa hiyo wepesi wa mkono si kosa. Maandiko yanamkemea hata mnunuzi. Mithali 20:14 inamchora mtu anayeiponda bidhaa wakati wa kununua, kisha akiondoka anajisifu. Wapo miongoni mwetu wanaoimba kwaya asubuhi, na mchana wanamwambia fundi wa chini ya mwembe, "Kwani umefanya nini, umegusa tu!" Huko nako ni kula jasho la mtu.

Lakini jedwali ni mizani, na Walawi 19:35-36 inaagiza mizani iwe ya haki. Kisiwa chetu kina hewa ya chumvi. Pikipiki inayolala karibu na ufukwe, Paje au Jambiani, boliti zake hushika kutu, na kazi ya saa moja inaweza kula saa tatu. Wakala anayetoza kwa jedwali siku kazi ikiwa nyepesi, kisha siku ya kutu akatoza kwa saa ya ukutani, ana mizani mbili. Achague moja, na amwambie mteja kabla boliti ya kwanza haijafunguliwa. Akikuta tatizo jipya ndani, apige simu kwanza, ndipo aendelee.

Mwenye shamba la mizabibu katika Mathayo 20 alipatana na wafanyakazi wake wa alfajiri kabla hawajaingia shambani. Jioni walinung'unika, lakini hawakuweza kusema amewadanganya. Alilipa alichosema.

Mzigo wa wakala ni mzito zaidi pale pikipiki inapokuwa bado na waranti. Mara nyingi masharti yanamtaka mteja aitengenezee kwake tu. Akienda kwingine anaipoteza haki hiyo. Mtu wa namna hii hana pa kukimbilia. Yohana Mbatizaji alipoulizwa na watoza ushuru wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa, kama tunavyosoma Luka 3:13. Nao walikuwa wakishughulika na watu wasio na pa kukimbilia.

Lipo swali jingine ambalo mteja haliulizi: kati ya zile shilingi 30,000, aliyeshika spana anapata ngapi?

Sisi wa Unguja hatuwezi kulikwepa swali hilo. Pale Mkunazini, palipo Kanisa Kuu la Kristo, palikuwa na soko la watumwa hadi mwaka 1873. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi wa kanisa hilo, aliandika pia kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja. Humo alieleza neno kibarua: kilikuwa kipande cha karatasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, akakirudisha alipolipwa ujira wake. Karatasi ile ilikuwa ushahidi kwamba kazi imefanyika na malipo yanadaiwa. Lakini wengi wa vibarua walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira wao iliingia mfukoni mwa bwana wao. Hesabu ilikuwa sahihi, karatasi ilikuwepo, na dhuluma ilikuwepo vilevile.

Yeremia 22:13 inamtangazia ole anayemtumikisha mwenzake bila ujira, na Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa hulia, na kilio chake humfikia Bwana. Basi wakala Mkristo asiridhike kwamba risiti yake imenyooka. Amtazame fundi wake anayerudi Mwanakwerekwe jioni.

Mpendwa msomaji, ukipeleka pikipiki wiki hii, uliza bei ya ufundi mapema, na inahesabiwaje. Omba uonyeshwe spea ya zamani iliyotolewa. Ukiona umezidishiwa, sema kwa upole, papo hapo, badala ya kumtangaza mtu barazani. Na kazi ikiwa njema, lipa siku hiyohiyo. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi. Ile "nitakutumia kesho" yetu, huku tumeshawasha pikipiki, inahusika hapo.

Mungu atupe mikono safi, ya kutoza na ya kulipa. Jumapili njema.