Kinga Nyingi, Kisimamio Kimoja

Wandugu, wagonjwa wengi wanatoka hospitalini na neno la munganga: uendeshe kinga kila siku. Mmoja alivunjika mguu, plasta imetolewa, sasa goti halikunjiki. Mwingine ana ugonjwa wa sukari au tansio. Lakini njia ina matope na malori, na mwenye goti bovu akianguka atarudi kwetu. Ndiyo sababu kuna kisimamio cha chuma. Kinga inafungwa juu yake, mtu anakanyaga pedali, wala haendi mahali.

Watu wanauliza: je, kisimamio kimoja kinafaa kinga zote? Kwanza tazama kisimamio chenyewe, maana viko vya namna mbili.

Cha kwanza kinashika ncha za ekseli ya nyuma, na gurudumu linazungusha kigogo kidogo cha chuma. Hapa shene na pinyo zinabaki za kinga yenyewe. Kinga nyeusi ya pinyo moja au kinga ya vitesi 21, ni mamoja. Angalia tu kwamba nati za ekseli zinakaa imara katika vikombe vya kisimamio, na kwamba mpira umejaa upepo. Mpira wenye meno makubwa unapiga kelele na kuteleza. Ulio laini ni bora. Kwa hospitali na kwa kanisa, mimi ningechagua hiki.

Cha pili kinataka gurudumu la nyuma litolewe. Kisimamio kina pinyo zake, na shene ya kinga yako inavikwa juu yake. Hapa ndipo watu wanadanganyika. Katika shene karibu zote, kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7, basi kwa macho zinafanana. Lakini upana wa ndani si mmoja: shene ya kinga ya pinyo moja kwa kawaida ni milimita 3.2, ya kinga ya vitesi ni 2.4 au chini yake. Shene nyembamba haikai juu ya jino nene. Inapanda na kuruka. Na shene iliyochakaa inaweza kuruka hata juu ya pinyo mpya. Pima nafasi 24 za pini: shene mpya ni karibu milimita 305. Ikifika 308, itupwe.

Nimeona shene ikiruka chini ya mguu wa mama mmoja. Pedali ilianguka ghafula, na goti lililokuwa linapona likavimba tena siku nyingi. Basi fundi akanyage kwanza kwa nguvu zake zote, ndipo mgonjwa apande. Tena usilazimishe uma wa nyuma wa kinga nyeusi kupanuka ili uingie katika kisimamio cha namna hii. Uma ule mara nyingi ni mwembamba kuliko ule wa kinga za vitesi, nao utapinda.

Kuna jambo moja zaidi kwa wenye goti gumu. Asiyeweza kuzungusha pedali mzunguko mzima ainue kiti, kisha asukume pedali mbele na kuirudisha nyuma, nusu nusu, mpaka goti lilegee. Lakini kinga yenye breki ya kukanyaga nyuma haikubali hivyo. Inakamata gurudumu mara moja. Mgonjwa huyo atafute kinga nyingine.

Wakristo wengine wanasema Paulo alimwandikia Timoteo kwamba mazoezi ya mwili yana faida ndogo. Ndiyo, lakini hakusema hayana faida.

Anza na dakika 5, asubuhi na jioni. Mwenye sukari au tansio aongeze polepole hata dakika 150 kwa juma, kama Shirika la Afya Ulimwenguni linavyoshauri. Anayejichoma insulini aweke sukari karibu, na akitetemeka au kutoka jasho baridi, anywe maji ya sukari upesi. Kifua kikiuma, au kichwa kikizunguka, shuka, umwite munganga. Goti likivimba kesho yake, pumzika siku moja, kisha urudi kwa dakika chache.