Kubadili Gari la Zamani Litumie Umeme: Mambo ya Kujua Kabla ya Kung'oa Injini

Mwenye gari la zamani, kama vile Volkswagen Beetle, anaweza kuondoa injini ya petroli na kufunga mota ya umeme mahali pake. Kazi hiyo inaweza kufanyiwa nyumbani, lakini uzembe mdogo huweza kumgharimu fedha, bima, au hata uhai. Mtumiaji anashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo kabla ya kununua kifaa chochote.

Kagua gari kwanza

Mota mpya haiponyi kutu. Chasisi iliyooza, breki dhaifu na springi zilizochoka zitengenezwe mwanzo, kwa sababu uzito wa gari hubadilika. Beetle ina uzito wa takriban kilo 800, ilhali betri nzima ya Nissan Leaf ya mwanzo, ya kilowati-saa 24, ina karibu kilo 300. Uzito huo ugawanywe vizuri na usizidi kiwango cha mtengenezaji wa gari. Ikiwa breki zako husaidiwa na mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, utahitaji pampu ya umeme ya kufanya kazi hiyo.

Pima betri, usinunue maneno

Ukikadiria kuwa gari hutumia kilowati-saa 20 kwa kilomita 100, betri ya kilowati-saa 24 ikiwa mpya haitavuka kilomita 120. Ikibakiwa na asilimia 70 ya uwezo wake, itaishia kama kilomita 84. Betri ya Leaf iliyotumika ipimwe kabla ya kutolewa kwenye gari lake: dashibodi huonyesha vijistari 12 vya uwezo betri ikiwa mpya, na hupungua kadiri inavyochakaa. Muuzaji anayesema tu kwamba betri "ni nzima" hajakupa taarifa yoyote.

Fikiria pia kuchaji. Soketi ya volti 240 inayotoa ampea 10 hutoa kilowati 2.4; kujaza kilowati-saa 20 kutachukua zaidi ya saa 8. Nyaya za nyumba zikaguliwe na fundi wa umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli (EPRA).

Jua mpaka wa kazi yako

Kung'oa injini, kusafisha na kupaka rangi ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe. Kuunganisha betri kuu sivyo. Betri ya Leaf hufikia karibu volti 400, nazo hutosha kuua. Kuzima swichi hakumalizi hatari, kwa kuwa umeme hubaki ndani ya betri. Kazi hiyo apewe fundi aliyefunzwa umeme wa magari, mwenye glavu na vifaa vilivyokingwa, wala asifanye peke yake. Hakikisha gari lina fyuzi kuu, swichi ya dharura na mfumo wa kusimamia kila seli ya betri.

Sheria na bima

Kitabu cha usajili hutaja injini na aina ya mafuta. Wasiliana na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) kabla ya kuanza, ujue ukaguzi na marekebisho yanayohitajika. Iarifu pia kampuni ya bima kwa maandishi, kwani badiliko lililofichwa laweza kuwa sababu ya kukataliwa fidia.

Mkataba na fundi

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike nazo. Haki hiyo hudaiwa kwa urahisi zaidi pakiwa na karatasi. Dai mkataba unaotaja:

- uwezo wa betri uliopimwa na tarehe ya kipimo;
- bei, muda wa kazi na kipindi cha dhamana;
- nani atagharamia marekebisho gari likikataliwa katika ukaguzi.

Tunza kila risiti, na usimalize malipo kabla gari halijajaribiwa barabarani na kupita ukaguzi.