Pikipiki nayo inakula: mafunzo ya wenye moto wa Bujumbura

Mwezi huu tunazungumzia pikipiki. Najua wengine mtacheka na kusema, huyu naye, sisi tuko kwenye foleni ya mgao, yeye anatuletea habari za pikipiki! Lakini ngojeni kidogo. Safari za kurudi Burundi kwa hiari zilianza kupangwa kutoka Tanzania mwezi wa Septemba 2017, na tangu hapo familia zinapokaa jioni kuzungumza, swali ni lile lile: tukifika, tutakula nini? Vijana wengi wanajibu kwa neno moja tu: moto. Yaani pikipiki, maana ndivyo wanavyoiita Bujumbura.

Basi leo nawasimulia yaliyompata kaka yangu. Yeye mwenyewe ameniruhusu, ili wengine wasipite njia hiyo hiyo.

MWAKA WA KWANZA, FURAHA

Kaka alirudi na mke wake na watoto, wakapanga nyumba ndogo Kinama, upande wa kaskazini wa jiji. Walikuwa na akiba kidogo, shangazi akaongezea, na mimi nikatoa nilichokuwa nacho. Ikanunuliwa moto iliyokwisha kutumika. Chapa yake siitaji, maana kosa halikuwa la kiwanda.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Asubuhi anatoka, jioni anarudi na fedha ya unga, ya maharage na ya daftari za watoto. Lakini kila zamu ya kubadili oili ilipofika, pale nyumbani palikuwa na jambo jingine. Mara mtoto ana malaria, mara kodi ya nyumba. Kaka akawa anasema, oili itangoja, mtoto hangoji. Na kweli, nani angemlaumu?

Mwaka wa pili moto ikaanza kutoa moshi wa bluu, kisha ikakosa nguvu mlimani. Akaipeleka Buyenzi, mtaa wa Waswahili ambao Bujumbura nzima inaujua kwa mafundi wake. Fundi akafungua injini. Oili iliyobaki ilikuwa kidogo, nyeusi kama lami. Ringi za pistoni zimekwisha, silinda imelika. Fedha zilizotakiwa zingenunua oili ya mwaka mzima na zaidi. Wiki kadhaa moto ilikaa gereji, na nyumbani wakala mara moja kwa siku. Shemeji aliuza vitenge vyake viwili ili spea zipatikane.

KWA NINI BUJUMBURA INACHOSHA PIKIPIKI

Kwanza ni milima. Jiji liko kando ya Ziwa Tanganyika, mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari. Ukichukua barabara ya Bugarama, unapanda hadi zaidi ya mita 2,000 kwa mwendo usiofika kilomita 40. Injini ndogo ya moto inapozwa na upepo tu. Ikibeba abiria na gunia huku inapanda taratibu kwa gia ndogo, inachemka, na oili chakavu hailindi chuma. Kurudi chini nako ni mtihani wa breki. Mwenye akili hushuka kwa gia ndogo, injini imsaidie kushika, asikanyage breki njia nzima mpaka zikaungua.

Pili ni vumbi na maji. Kiangazi kuanzia Juni vumbi linaziba filta ya hewa. Mvua zikija, njia za mitaani zinakuwa matope. Mnakumbuka maji yalivyoingia Gatumba mwaka 2020, na jinsi ziwa lilivyopanda tena mwaka 2024. Pikipiki iliyopita kwenye maji inataka breki zifunguliwe zisafishwe, na beringi za magurudumu ziangaliwe.

Tatu, mwezi wa Machi 2022 serikali ilizuia baiskeli, bajaji na pikipiki kuingia katikati ya jiji. Waliozoea lami wakabaki kutafuta abiria pembezoni, kwenye mashimo. Anayerudi aulize kwanza wapi panaruhusiwa, kabla ya kutoa fedha yake.

Nne ni petroli. Miaka hii, hasa tangu 2022, watu wamelala kwenye foleni za vituo. Wengine wakanunua ya magendo kwenye chupa na madumu, na mara nyingine ina maji au uchafu, inaziba kabureta. Ukilazimika, ichuje kwa kitambaa safi na uiache itulie. Maji yanakaa chini, usimimine ya mwisho. Na akina mama, tafadhali: dumu la petroli lisilale ndani ya nyumba wanamolala watoto wala karibu na jiko. Huo sasa ni moto wa kweli.

WANAYOSHAURI MAFUNDI

Oili. Wenyewe huita kuibadili kufanya vidanji. Kwa moto ya abiria, mafundi wengi hawapendi ipite kilomita 2,000 hadi 3,000. Piga hesabu: ukitembea kilomita 100 kwa siku, kilomita 2,000 zinakwisha kwa siku 20, kabla hata mwezi haujaisha! Injini nyingi za aina hii zinachukua lita moja hivi. Tia oili ya pikipiki, si ya gari, kwa sababu klachi inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo, na nyingine za gari zinaifanya iteleze. Moto mpya huduma ya kwanza ni mapema, kilomita 500 hadi 750. Soma kitabu chake.

Mnyororo. Uwe na mchezo wa sentimita 2 hadi 3 ukiusukuma kwa kidole. Ukikaza sana unakata, ukilegeza unaruka. Ukiisha, badilisha pamoja na sproketi zote mbili, la sivyo meno ya zamani yatakula mnyororo mpya.

Kununua iliyotumika. Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi, uiwashe mwenyewe. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli nyingi au filta iliyoziba. Linganisha namba ya injini na ya chesisi na zile za kwenye kadi, na usilipe bila fundi wako mwenyewe.

Ukimpa dereva. Mwenye moto anataka hesabu yake ya jioni, dereva naye anataka chake, na oili inabaki yatima. Kubalianeni siku ya kwanza, kwa maandishi, nani ananunua oili na nani anapeleka gereji.

KOPO LA SHEMEJI

Moto ilipotoka gereji, shemeji alichukua kopo la maziwa, akalitoboa juu. Akamwambia kaka: baba, kuanzia leo moto inakula kwanza, sisi baadaye. Kila jioni kabla ya kugawa fedha ya chakula, noti moja inaingia kopo. Na daftari ikafunguliwa. Shemeji anaandika kilomita za siku, kama tulivyokuwa tukiandika hapa tarehe za mgao ili tusipunjwe. Zikifika 2,000 anafungua kopo mwenyewe. Kaka akileta maneno ya oili itangoja, anaonyeshwa ukutani pale vitenge vilipokuwa vikitundikwa.

Mwanzoni palikuwa na ugomvi, nisiwafiche. Siku ambazo fedha ni kidogo, kuweka noti kwenye kopo mbele ya watoto wenye njaa si jambo rahisi. Wakakubaliana: siku mbaya inaingia sarafu badala ya noti, lakini kopo halilali bure. Moto ile ile bado inatembea, na mtoto wao wa kwanza ameanza sekondari.

Ndugu zangu, anayefikiria moto asihesabu bei ya kununua peke yake. Ahesabu na kopo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kaka ulijengwa kwa vitenge vya shemeji. Kijana akikuomba akiba ya familia akanunue pikipiki, muulize swali moja tu: oili ya mwezi wa kwanza iko wapi?

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.